Data Huria na Programu Huria za Kupimia Ubongo: Somo kwa Kaunti ya Isiolo na Wajibu wa Kiswahili

Ikisiri

Mashine ya MRI humpa daktari picha ya ubongo, na siku hizi huweza pia kumpa nambari. Makala haya yanaeleza tofauti iliyopo baina ya mambo hayo mawili, kisha yanachunguza nafasi ya data huria na programu huria katika kuzipa nambari hizo maana. Mfano mkuu ni Kaunti ya Isiolo, kaskazini mwa Kenya. Hoja inayojengwa ni kwamba kipimo hakina maana bila kiwango cha kulinganishia, na kwamba kiwango hicho hakitawahusu watu wa Isiolo mpaka watu wanaoishi katika hali kama zao wawe wamehesabiwa ndani yake, kwa ridhaa waliyoielewa. Kwa sababu hiyo, suala linaloonekana kuwa la wanafizikia na madaktari ni suala la lugha pia.

1.0 Utangulizi

Mji wa Isiolo uko yapata kilomita 285 kaskazini mwa Nairobi, mahali ambapo barabara itokayo nyanda za Mlima Kenya huingia katika nchi kame kuelekea Marsabit na Moyale. Kaunti yenyewe ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu wakazi 268,002. Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wasomali na Wameru hukutana katika soko la mji huo, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Tangu mwaka 2013, kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, sehemu kubwa ya huduma za afya nchini Kenya imekuwa chini ya serikali za kaunti.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini hali inayoelezwa ni ya kweli kwa familia nyingi za Afrika Mashariki. Mama kutoka Merti anafika hospitalini mjini Isiolo akiwa na mtoto wa miezi minne. Miezi miwili iliyopita mtoto aliugua homa kali akapona. Sasa kichwa chake kinakua haraka kuliko mwili. Mhudumu anakizungushia kichwa utepe wa kupimia na kuandika sentimita. Utepe unathibitisha kwamba kichwa ni kikubwa, lakini hauwezi kusema yaliyomo. Je, maji yaliyojaa ndani ni kiasi gani? Ubongo uliobaki ni kiasi gani? Baada ya upasuaji, ubongo huo utakuwa ukikua au utakuwa umesimama? Maswali yote matatu yanauliza kiasi, na kiasi hakijulikani ila kwa kupima.

2.0 Picha na Kipimo

Sehemu kubwa ya mwili wa binadamu ni maji, na ndani ya maji mna haidrojeni. Mashine ya MRI ina sumaku yenye nguvu ambayo huvielekeza viini vya haidrojeni upande mmoja. Mawimbi ya redio yanapopigwa, viini hivyo huyumba. Mawimbi yanapokoma, viini hurudi katika utulivu wake, na wakati huo hutoa ishara ambayo kompyuta huigeuza kuwa picha. Viini haviwahi kutulia kwa kasi moja. Kasi hiyo hutegemea tishu iliyovizunguka, na ndiyo inayowezesha mashine kutofautisha tishu moja na nyingine.

Katika MRI ya kawaida, tofauti hiyo huonekana kama weupe na weusi. Daktari husema kwamba sehemu hii imeng'aa kuliko ile. Lakini mng'ao huo hauna kizio. Mashine mbili zilizo katika hospitali mbili zinaweza kumpiga picha mtu mmoja, siku moja, na kutoa weupe wa viwango tofauti. MRI ya vipimo huenda hatua moja mbele: hupiga picha kadhaa kwa mipangilio tofauti, kisha hukokotoa muda halisi wa kutulia kwa kila nukta ya ubongo. Kipimo kimojawapo huitwa T1, nacho huhesabiwa kwa milisekunde. Katika sumaku ya tesla 3, T1 ya sehemu nyeupe ya ubongo huwa takriban milisekunde 800 hadi 900, ilhali ya sehemu ya kijivu huzidi 1,200, na ya maji yaliyo ndani ya ubongo hufikia sekunde kadhaa. Sumaku ikibadilika nguvu, T1 nayo hubadilika. Kwa hiyo nambari isiyotaja nguvu ya sumaku haijakamilika.

Mfano wa karibu unapatikana katika biashara ya maziwa ya ngamia, ambayo kwayo akina mama wa Isiolo, wakiwemo wa ushirika wa Anolei, wamejulikana sana. Maziwa husafirishwa kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi. Mnunuzi wa Eastleigh hamjui ngamia wala malisho yake, lakini anaijua lita. Lita ya Isiolo ni lita ya Nairobi, na hakuna mfanyabiashara anayeimiliki. Kama kila muuzaji angepima kwa kibuyu chake, biashara hiyo isingeweza kuvuka mto. Picha ya kawaida ya MRI ni maziwa yaliyopimwa kwa kibuyu cha nyumbani. MRI ya vipimo hutafuta lita.

3.0 Huria, Bure na Wazi

Ili lita iaminike, kila mtu lazima aweze kuikagua. Hapo ndipo data huria na programu huria zinapoingia, na hapo pia ndipo maneno yanapohitaji kupimwa.

Kiswahili kina maneno matatu ambayo huchanganywa. "Bure" humaanisha bila malipo, na huweza pia kumaanisha bila faida. "Wazi" humaanisha kisichofungwa, lakini pia kisichositiriwa. "Huria" ni neno lililobeba maana ya uhuru: mwaka 1992 Tanzania iliunda Chuo Kikuu Huria, na katika miaka hiyohiyo watu walizoea kusikia habari za soko huria. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo wake haukufungwa: waliotaka kuitafsiri hawakulazimika kusubiri mwenye kampuni aone faida ya Kiswahili. Programu huria, basi, ni ile ambayo mtumiaji ana haki ya kuitumia, kuisoma ndani, kuibadilisha na kuwapa wengine. Inaweza kuwa bure, lakini si kila cha bure ni huria.

Tofauti hii inaonekana dhahiri katika programu za ubongo. SPM, iliyoanzishwa London, hutolewa kwa leseni huria, lakini kwa miaka mingi imetegemea MATLAB, ambayo ni bidhaa ya kuuzwa. FSL ya Oxford hutolewa bila malipo kwa watafiti, na msimbo wake unasomeka, lakini anayetaka kuitumia kibiashara lazima aombe leseni nyingine. FreeSurfer, iliyokuzwa Boston, hupima unene wa gamba la ubongo na ujazo wa sehemu zake. Kwa upande wa MRI ya vipimo kuna qMRLab, iliyoanzia Montreal, ambayo hukokotoa T1 na vipimo vinginevyo kutokana na picha ghafi. Mwanafunzi anayeishi Isiolo hahitaji sumaku ili ajifunze programu hizi. Anahitaji kompyuta, umeme, mtandao na subira ya kupakua mafaili makubwa.

Haki ya kuisoma programu ndani si anasa. Programu nyingi zilijengwa kwa kufundishwa na picha za watu wazima wenye ubongo wa umbo la kawaida. Ikipewa ubongo wa mtoto uliosukumwa na maji mpaka ukawa utando mwembamba, programu ya namna hiyo inaweza kutoa nambari nadhifu iliyo kosa kabisa. Msimbo ukiwa huria, mtaalamu wa Mbale au Nairobi anaweza kuona kosa linatokea wapi na kulirekebisha. Ukiwa umefungwa, ataiona nambari tu.

Data nazo zina masharti yake. Picha zilizorundikwa bila utaratibu hazimsaidii mgeni hata kama zimetolewa bure. Mwaka 2016 watafiti walichapisha kanuni zinazoitwa BIDS, zinazoeleza jinsi ya kuyapa mafaili ya picha za ubongo majina na kuyapanga katika folda, pamoja na maelezo ya mashine iliyotumika. Mwaka 2022 kanuni hizo zilipanuliwa ili ziihusishe MRI ya vipimo. Hifadhi kama OpenNeuro hupokea data zilizopangwa hivyo na kuwapa watafiti wa nchi yoyote.

4.0 Nani Amehesabiwa?

Kipimo cha mtoto wa Merti kikishapatikana, swali linalofuata ni: nambari hii ni kubwa au ndogo? Jibu hutoka kwa watu wengine waliopimwa kabla yake. Mwaka 2022 timu ya kimataifa ilichapisha chati za ukuaji wa ubongo katika jarida la Nature. Chati hizo zilitokana na picha 123,984 za watu 101,457, kuanzia kijusi cha siku 115 tangu kutungwa mimba hadi mtu wa miaka 100. Zilitolewa pamoja na zana huria, ili mtafiti yeyote alinganishe vipimo vyake. Zilikuwa kwa ubongo kile ambacho kadi ya kliniki ni kwa uzito wa mtoto.

Hata hivyo, waandishi wenyewe walikiri kwamba picha nyingi zilitoka Ulaya na Amerika Kaskazini. Sababu zinajulikana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulihesabu mashine 84 za MRI katika Afrika Magharibi yote, eneo lenye watu zaidi ya milioni 370. Japani ina zaidi ya mashine 50 kwa kila watu milioni moja. Pasipo mashine hapana picha, na pasipo picha hapana nafasi katika chati.

Hoja hii isieleweke vibaya. Haisemi kwamba ubongo wa Mborana au wa Mturkana ni wa aina nyingine. Inasema kwamba ubongo hukua ndani ya mwili unaokula au kukosa chakula, unaougua au kukingwa, na kwamba hupimwa kwa mashine maalumu. Chati ambayo haikukutana na ukame, malaria wala homa za utotoni haiwezi kutenganisha kilicho kawaida na kilicho ugonjwa katika nchi yenye mambo hayo.

Mifano miwili inaonyesha faida ya kupima nyumbani. Huko Blantyre, Malawi, mashine ya MRI ilianza kutumika mwaka 2008 kwa watoto wenye malaria ya ubongo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalihusu watoto 168. Kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo walipolazwa. Kati ya 143 waliopona, ni 39 tu waliokuwa nao. Data kutoka Boston isingejibu swali hilo, kwa kuwa ugonjwa huo haupo Boston. Nchini Uganda, daktari Benjamin Warf, aliyefanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, alionyesha mwaka 2005 kwamba miongoni mwa watoto 300 wenye maji kichwani, asilimia 60 walipatwa na hali hiyo baada ya maambukizi. Mtoto wa Merti aliyetangulia kuugua homa anafanana na hao. Mwaka 2017 hospitali hiyohiyo ilikuwa chimbuko la utafiti wa watoto wachanga 100 uliolinganisha njia mbili za upasuaji, na ujazo wa ubongo ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyopimwa, japo kwa picha za CT.

Kwa upande wa data huria, mwaka 2023 watafiti wa Nigeria na wenzao walitoa picha za MRI za watu 88: wazima 36, wenye ugonjwa wa kusahau uzeeni 32, na wenye ugonjwa wa Parkinson 20. Ukilinganisha 88 na 101,457, ni tone baharini. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kilikuwa kitupu.

5.0 Funzo la Mbarara

Msomaji anaweza kupinga kwamba Isiolo inahitaji mashine kwanza, na data baadaye. Pingamizi hilo lina uzito, lakini matukio ya Uganda yanaonyesha kwamba mambo haya mawili yanaweza kwenda pamoja. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, mhandisi Johnes Obungoloch na wenzake wa Uholanzi na Marekani waliunda mashine ya MRI papo hapo chuoni. Vipande vyote vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uholanzi. Sumaku yake ilikuwa ya militesla 50 tu, yaani sehemu ndogo ya nguvu ya sumaku za hospitali kubwa, nayo ilipangwa kwa pete 23 zilizojaa vipande vidogo vya sumaku. Wakufunzi wanne na watu sita wasio na mafunzo ya awali walichukua takriban siku 11 kutoka kupokea mizigo hadi kupata picha ya kwanza. Maelezo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2023.

Picha za sumaku dhaifu hazina umaridadi wa picha za sumaku kubwa. Lakini mpasuaji wa maji kichwani hahitaji kuona kila mkunjo wa ubongo. Anahitaji kujua maji yako wapi na ubongo umebaki wapi. Jambo la kuzingatia zaidi ni elimu iliyobaki. Watu walioshika kila kipande kwa mikono yao wanaweza kuitengeneza mashine ikiharibika, na wanajua nambari zake zinatoka wapi. Huo ndio uhuria wa vifaa, ndugu wa uhuria wa programu.

6.0 Uso Uliofichika Ndani ya Picha

Uhuria una hatari yake. Picha ya MRI ya kichwa haibebi ubongo pekee. Hubeba pua, midomo na mashavu. Mwaka 2019 utafiti wa Marekani uliwatumia watu 84 waliojitolea. Nyuso zao ziliundwa upya kutokana na picha za MRI, kisha programu ya kutambua nyuso ikaachiwa izilinganishe na picha zao za kawaida. Iliwatambua 70, yaani asilimia 83, ingawa majina yalikuwa yamekwisha kuondolewa. Ndiyo sababu hifadhi makini hutaka sehemu ya uso ifutwe kabla ya picha kuwekwa, na zipo programu huria za kufanya hivyo.

Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na inadai ridhaa iwe ya hiari na ya mtu aliyefahamishwa. Katika eneo lenye watu wachache wanaojuana kwa ukoo, tahadhari hiyo ni kubwa zaidi: umri, kijiji na aina ya ugonjwa vikiandikwa pamoja, jina halihitajiki.

Kuna pia dhuluma ya pili, isiyo ya faragha. Ni rahisi data kuchukuliwa Isiolo, ikaenda Nairobi, ikavuka bahari, ikazaa makala na shahada, na isirudi kwa namna yoyote. Kadi ya hospitali ya mtoto wa Merti ingebaki vilevile. Data huria iliyo ya haki hudai kwamba chati inayotokana nayo, programu iliyorekebishwa kwa ajili yake na mafunzo ya kuitumia virudi mahali ilipotoka.

7.0 Wajibu wa Kiswahili

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Fomu ya ridhaa ikiandikwa: "Data zako zitawekwa huria kwa ajili ya tafiti zijazo," sarufi haina kosa, lakini mama hajaambiwa kitu. "Data" kwake huenda ni za simu, zile zinazonunuliwa kwa vocha. "Huria" huenda ikamkumbusha bei za soko.

Maelezo yanayofahamika yangekuwa hivi: "Mama, picha za kichwa cha mtoto wako zitawekwa mahali ambapo watafiti wa nchi yoyote wanaweza kuzichukua na kuzitumia. Jina lake halitakuwemo, na sehemu ya uso itafutwa. Wengine wakishazichukua, hatutaweza kuzirudisha zote. Huenda zisimsaidie mtoto huyu, bali wengine watakaokuja. Ukikataa, atatibiwa vilevile." Maneno yameongezeka, lakini kila sentensi inabeba jambo ambalo mtu anaweza kulikubali au kulikataa. Sentensi ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayoachwa mara nyingi.

Kazi ya istilahi inafuata. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilionyesha kwamba sayansi inaweza kuundiwa msamiati wa Kiswahili. Kwa MRI ya vipimo, maneno kama "muda wa kutulia", "sehemu nyeupe", "kizio" na "kiwango cha kulinganishia" yanaweza kueleweka bila kamusi. Mengine, kama tesla na BIDS, yabaki yalivyo, kwa kuwa kuyatafsiri ni kumpoteza msomaji atakayekutana nayo kwenye mashine. Vilevile istilahi zijaribiwe mahali zitakapotumika. Neno lililokubaliwa ukumbini linaweza kukataliwa wodini.

Aidha, Kiswahili kisijidai kuwa mwisho wa safari. Wapo wazee na akina mama wa Merti, Garba Tulla na Oldonyiro ambao lugha yao ya kuamulia mambo mazito ni Kiborana, Kisomali, Kiturkana au Kisamburu. Kwao Kiswahili ni daraja: maelezo yakiwa safi katika Kiswahili, mkalimani atayavusha salama. Yakiwa na utata, utata huo utavuka nao.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba MRI ya vipimo hugeuza weupe na weusi kuwa nambari, kwamba programu huria huzifanya nambari hizo zikaguliwe, na kwamba data huria huzipa kiwango cha kulinganishia. Yameonyesha pia kwamba kiwango kilichopo kwa sasa kimejengwa kwa sehemu kubwa na watu wa kwingine. Mapendekezo ni matatu. Kwanza, idara za Kiswahili zishirikiane na vitivo vya tiba na kompyuta katika kuandika na kujaribu fomu za ridhaa. Pili, wanafunzi wa kaunti kama Isiolo wafundishwe programu huria za ubongo hata kabla ya mashine kuwafikia. Tatu, kila mradi wa kukusanya picha uandike tangu mwanzo ni nini kitakachorudi kwa waliozitoa.

Mama wa Merti alifika hospitalini na swali la kiasi gani. Siku atakapojibiwa kwa nambari, ana haki ya kujua nambari hiyo imelinganishwa na watoto gani, na kuambiwa kwa maneno anayoyaelewa.